Mwaka Hodi Zilipozama

Notisi ilinipata jikoni nikipoza uji wa mtoto, nikiumwaga kutoka kikombe moja hadi ingine. Simu ikalia, nikaangalia. Uwanja inafungwa. Mwisho wa mwezi kila kitu kitafutwa, kwa hivyo ukitaka kumbukumbu zako zipakue sasa, na asante kwa kuwa nasi. Kwanza nilicheka. Uwanja! Hiyo app sikuwa nimeifungua tangu simu mbili zilizopita. Vijana wa siku hizi ukiwaambia kulikuwa na kitu inaitwa Uwanja, na watu wa Eastlands walikuwa wanaishi ndani yake, wanakuangalia kama umewaambia ulikuwa unaenda shule na punda. Halafu kicheko kikaisha, uji ukashika ngozi juu, mtoto akaanza kulia, na mimi bado nimesimama hapo nikijaribu password za zamani moja baada ya ingine, kama mtu amerudi na bunda la funguo kwa nyumba aliyohama kitambo.

Mambo ya kwetu na vile tulifika Nairobi naruka. Nataka kuandika mwaka mmoja tu, ule nilimaliza form four nikakaa kungojea maisha yaanze. Nilikuwa nakaa Jericho, kwa zile nyumba za zamani za kanjo, baraza la jiji, chumba cha nyuma, na network ilikuwa inashika hapo dirishani tu. Kwa hivyo kitanda nilikisukuma dirishani. Nilikula hapo, nikapaka kucha rangi hapo, nikangoja majibu ya kazi hapo. Nje ya dirisha Mama Akoth alikuwa anakaanga samaki kwa karai kubwa nyeusi, na kwa sababu alidhani dirisha likiwa na pazia basi hakuna masikio, nilijua nani ameachwa na nani anajidai hajaachwa. Mpaka leo nikisikia mafuta yakichemka nangojea umbea. Harufu ya samaki ilikuwa kwa shuka, kwa nywele, kwa vyeti zangu za shule. Nilikuwa nachukia hicho chumba vibaya sana. Sasa ningelipa kukaa hapo jioni moja tu, na najua hiyo ni uongo ya kila mtu amezeeka kidogo, lakini ndio hivyo.

Aliyeniingiza Uwanja ni Abdi. Tulikuwa shule moja, yeye mbele yangu mwaka mmoja, na hiyo mwaka alikuwa anauza vitambaa kwa duka la shangazi yake Eastleigh. Ndani ya Uwanja alikuwa amefungua chumba cha watu wa mitaa yetu, akakiita Mlangoni. Watu walikuja kwa sababu ya maji na stima: maji imerudi Kayole, stima imepotea Umoja, nani ameokota kitambulisho pale sokoni. Wakabaki kwa sababu ingine. Mtu akihama, watu wa Mlangoni wanakuja kubeba kitanda. Mtu akizaa, kuna mama wa kumletea uji. Watu hawajawahi kuonana, wanakuja na ndoo.

Na kulikuwa na sheria moja, hiyo Abdi aliitoa kwa nyanya yake. "Kwetu," aliniambia siku ananifanya admin, "mtu haingii kwa watu na shida yake mdomoni kama mbwa amebeba mfupa. Unabisha. Unakaribishwa. Unakaa chini. Ndio sasa unasema." Kwa hivyo kwa Mlangoni ulikuwa unaandika neno moja tu, Hodi, halafu unangoja. Yeyote ako macho anaandika Karibu. Hapo ndio unaeleza kile kimekuleta. Na hodi ni tatu. Ukibisha mara tatu usijibiwe, unaenda zako, na hauruhusiwi kukasirika, kwa sababu labda wenye nyumba wamelala ama wanalia. Mimi nilimwambia hiyo ni kupoteza wakati. Si mtu aandike tu shida yake? Abdi akasema, "Wewe jibu mtu karibu halafu uone kama utaweza kujificha." Na ilikuwa kweli. Ukishaandika karibu umefungua mlango, umeonekana uko ndani. Ukisikia anataka mtu wa kumshikia ngazi, utaenda kushika ngazi. Kazi yetu sisi wawili ilikuwa kuhakikisha hakuna hodi inalala nje. Mimi zamu ya mchana, yeye zamu ya usiku akifunga duka.

Mama Zawadi alikuwa fundi wa nguo wa Kayole. Hodi yake ya kwanza nilijibu mimi. Ilikuja hivi: HODI. Nikaandika karibu. Akaandika: NAULIZA KAMA KUNA MTU ANAUZA VIFUNGO VYA KOTI, VILE VIKUBWA. Abdi akaingilia, "Mama, mbona unatupigia nduru?" Akajibu: SIPIGI NDURU KIJANA, SIMU IMEKWAMA KWA HERUFI KUBWA NA ZAWADI AKO SHULE. Zawadi ni msichana wake. Tukamweleza mahali pa kubonyeza. Hakuweza, ama hakutaka. Kuanzia hapo tukamuita Mama Nduru, na yeye akalipenda hilo jina, ama tulidhani amelipenda. Akibisha tu, watu wanaanza: "Funikeni masikio, Mama Nduru ameingia!" Na yeye: NIMEINGIA NA MDOMO WANGU, MTANIFANYA NINI.

Nilienda kwake mara moja, anishonee sketi, nikiwa nimeitwa mahojiano ya kazi na yangu ni ya shule. Alikaa gorofa ya nne, chumba kimoja, na robo ya hicho chumba ilikuwa cherehani, ile ya miguu, ya meza nzito na vyuma chini. Aliipanga dirishani kama mimi nilivyopanga kitanda. Alinipa ndengu na chapati za jana amezipasha juu ya moto bila sufuria mpaka zikaungua madoa, akaniambia nikae nile na nisimwangalie kama polisi. Lakini nilimwangalia. Alikuwa anavua kiatu cha kulia kwanza. Alikanyaga kile chuma na mguu mtupu, polepole, haraka, polepole, akisema mguu ndio unasikia uzi, mkono unafuata tu. Kila baada ya muda nilikuwa nauliza kama amemaliza. "Wewe Shiko," akasema bila kuinua kichwa, "una haraka kama mtu ameacha maziwa kwa jiko. Hiyo kazi itakukuta hata ukienda na miguu." Hiyo kazi sikupata. Sketi bado niko nayo.

Basi, katikati ya mwaka wakabadilisha Uwanja. Hawakuuliza mtu. Niliamka asubuhi, nikafungua simu, nikapata Mlangoni imepangwa upya kama duka limeibiwa. Zamani ilikuwa rahisi: kilichoandikwa mwisho kinakaa juu. Sasa kilichopendwa sana ndio kinakaa juu, na kisichopendwa kinashuka, kinashuka, mpaka hukioni. Kampuni ilisema inatuletea yaliyo bora. Hiyo wiki watu wa Umoja walikimbia na mitungi kwa sababu ya maji iliyotangazwa juzi, ikaisha juzi. Juu kabisa kulikuwa na video ya mtu amemwagia mwenzake maji baridi, na chini yake tangazo la wigi, na chini yake wigi tena. Mama Akoth nje ya dirisha aliuliza mteja wake, "Kwani sisi wote tumenyolewa?"

Abdi ndiye aliona kile kimetuumiza. Alinipigia simu, sauti ya chini, kuna wateja. "Shiko, hodi zinazama." Nani atapenda hodi? Ni neno moja. Hakuna mtu anawekea hodi moyo, unaijibu tu. Kwa ile mashine mpya, kitu hakina moyo ni takataka, inaenda chini siku hiyo hiyo. Kwa hivyo kuziona ilibidi ushuke kwa kidole, upite video, upite wigi, upite matusi ya watu wa mpira, ushuke tu mpaka mwisho, na bundles za intaneti zinaisha ukishuka. Tulikubaliana tutakuwa tunashuka, kila mtu kwa zamu yake. Wiki ya kwanza nilishuka kila saa. Wiki ya pili nilishuka asubuhi na jioni. Kusema ukweli kazi ya kushuka ilinichosha, haina mtu anaiona, hakuna anayekupigia makofi. Na mimi nilikuwa nimejaa hasira, nataka kupigana na kampuni, nataka kitu yenye kelele.

Kwa hivyo nikaandika. Niliandika dirishani asubuhi moja, samaki ikikaangwa nje, nikaandika bila kupumua. Turudishieni mlango wetu. Niliwaambia hao watu wa kampuni kwamba wamechukua nyumba yetu wakaifanya stendi ya matangazo, kwamba kuna mama huku anabisha na hamsikii, kwamba nyinyi hamjui hodi ni nini. Hiyo sentensi ya mama anayebisha nilijivunia sana. Nikaituma. Kufika saa ya chakula mioyo ilikuwa inamiminika, watu hata wa vyumba vingine wanaisambaza, na post yangu ikapanda mpaka juu kabisa ikakaa hapo. Nilivaa viatu nikaenda Eastleigh kwa Abdi, kwa sababu furaha kama hiyo huwezi kukaa nayo peke yako kwa chumba cha samaki.

Nyuma ya duka la shangazi yake kulikuwa na kijichumba, majora ya vitambaa mpaka kwa dari, baridi hata jua likiwaka nje. Tulikaa chini juu ya katoni. Shangazi alituletea sinia moja, wali na nyama ya mbuzi na ndizi mbivu pembeni, ile ya kula pamoja na wali, na mara ya kwanza niliona hiyo niliicheka, sasa nilikuwa namnyang'anya Abdi yake. Huko mbele mteja alikuwa anapigana na shangazi. "Mama, hii rangi itachuja." "Ikichuja niletee, nitaivaa mimi." "Utaivaa saizi gani?" "Ondoka kwa duka yangu, mrembo, na uache kitambaa." Tulicheka mpaka wali ukamwagika. Simu yangu ilikuwa juu ya jora la kitambaa cha bluu, inatetemeka kwa mioyo, nasoma kwa sauti kila anayetusifu. Abdi akalamba kidole, akauliza, "Leo umeshuka chini?"

"Nitashuka."

"Ni zamu yako, Shiko."

"Nimesema nitashuka. Kula."

Akakula. Kwake pia simu ilikuwa mkononi. Nimerudia hiyo dakika mara nyingi, na hakuna kitu ndani yake. Hakuna mtu aliyekataa kitu, hakuna mtu aliyekuwa mbaya. Mkono ulienda kwa simu na ukaishia kwa mioyo, kwa sababu mioyo iko juu na hodi ziko chini. Nilirudi Jericho jioni nimeshiba, nikalala kama mtu ameshinda uchaguzi.

Kampuni ilitujibu baada ya muda. Walisema wanathamini maoni yetu. Hakuna kitu walibadilisha. Tukafunga chumba wiki nzima kuwagomea, na hawakujua kama tumegoma. Wengine wakasema tuhamie app ingine, wengine wakasema simu zao haziwezi kuibeba hiyo ingine, na hapo watu wa Mlangoni wakaanza kutukanana, watu walikuwa wanabebeana vitanda. Lakini wengi hawakutukana. Waliondoka kimya, mmoja mmoja, na mimi niliandika post kuwahusu, eti kampuni inatuulia jamii. Siku moja nikiwa hapo dirishani nilimsikia Mama Akoth akimwambia mteja, "Mimi nilibisha huko Mlangoni kwao, wakaninyamazia. Nikabisha tena, wapi! Siku hizi wamekuwa watu wa maana." Mteja akasema, "Achana nao. Kwani samaki yako wanakula bure?" Mama Akoth alikuwa anabisha na mimi niko nyuma ya ukuta wake, hatua chache. Ningetoka nje nimweleze kwamba ni mashine, kwamba hodi yako ilizama. Nilikuwa namalizia kuandika barua ya tatu kwa kampuni. Nikasema nitamweleza baadaye.

Watu wa mitaa yetu hawakuelewa kwamba ni mpangilio umebadilika. Wangeelewa vipi? Mtu wa Kayole akibisha asijibiwe, haambii nafsi yake kwamba programu imegeuzwa. Anajiuliza amekosea nani. Anakumbuka ile siku alimjibu mtu vibaya. Anajiambia wamenichoka. Halafu kwa sababu sheria yetu inasema usikasirike, hakasiriki, anaona aibu tu na kutoka. Sheria ilikuwa nzuri. Ndio ilitumaliza haraka kuliko mashine.

Kuna siku mtu aliuliza fundi mzuri wa nguo, Abdi akasema, "Kwani Mama Nduru ako wapi? Sijasikia nduru kitambo." Nikasema, "Amechoka kama wengine." Niliandika hiyo haraka, bila kufikiria. Kufika Desemba tulikuwa sisi wawili na wigi. Abdi akaandika Hodi. Nikaandika Karibu. Akaandika: "Sina shida. Nilitaka kuona kama kuna mtu."

Sasa, hapo jikoni, password ya mwisho ikakubali. Mlangoni ikafunguka, na kitu cha kwanza, juu kabisa, miaka yote hiyo, ni mimi. Turudishieni mlango wetu, na mioyo yake yote. Mtoto nilimpa uji, nikakaa sakafuni, nikaanza kushuka. Nilishuka vile sikuwahi kushuka hiyo mwaka. Nilipita wigi. Nilipita mpira. Hodi zikaanza kuonekana, chache, halafu nyingi, za watu niliowasahau na za watu nilidhani walihama, kila moja na neno lake moja, hakuna kitu chini yake. Na karibu na mwisho, kubwa kama zimeandikwa kwa ukuta:

HODI.

HODI.

HODI.

Halafu kale kamstari kadogo: Mama Zawadi ameondoka. Ilikuwa tarehe ile ile ya post yangu. Asubuhi, mchana, saa kumi. Mchana huo mimi nakula ndizi na wali.

Nilimpigia Abdi. Sasa duka ni lake. "Shiko," akasema, "ilikuwa mashine."

"Zamu ilikuwa yangu."

"Na mimi nilikuwa na simu mkononi." Halafu, "Alikuwa anataka nini?"

Hilo ndilo swali. Hakuna mtu anajua hodi inataka nini, mpaka ijibiwe.

Jumamosi nilimwacha mtoto na baba yake nikaenda Kayole. Ile gorofa haiko. Mahali ilikuwa kuna watu wanaosha magari. Nikamuuliza kijana wa kibanda cha mkabala kama anamjua fundi anaitwa Mama Zawadi. "Mama Zawadi wa mguu?" akasema. "Ako hapo nyuma ya kinu cha unga, chini, mlango wa kijani." Nikamuuliza, mguu gani? Akaniangalia kama mimi ndio sielewi Kiswahili. "Si ule wa kuumia."

Mlango wa kijani ulikuwa umerudishwa, haujafungwa. Kinu kilikuwa kinanguruma, vumbi la unga kwa kila kitu. Nikasema hodi. Kimya. Nikangoja, nikasema hodi tena, kwa sauti. Kimya. Na hapo nikaanza kujua vile inakuwa. Nilijiambia ameniona kwa dirisha. Amejua ni mimi. Kijana wa kibanda amempigia simu. Nikaangalia viatu vyangu. Nilikuwa nimebakisha moja, na niliogopa kuitumia, kwa sababu ukishatumia ya tatu unaenda. Sijui nilisimama hapo muda gani na hiyo hodi mdomoni.

"Ingia basi!" sauti ikatoka ndani, ile ile, kubwa. "Nimesema karibu, huyo ni nani anasimama kama mdai? Sukuma mlango, mimi siinuki haraka."

Alikuwa amekaa kwa kiti cha plastiki, mguu wa kulia juu ya stuli, anapinda dera kwa mkono. Nywele zimekuwa nyeupe mbele. Aliniangalia, akatoa pini mdomoni. "Shiko wa haraka," akasema. "Umenenepa. Vizuri. Kaa." Aliniambia chai iko kwa chupa nijimiminie na yeye. Nilitafuta pa kuweka vikombe, kukawa na meza moja tu, na nilipoinama nikaona vyuma vyake chini, na kile cha kukanyaga. Ilikuwa meza ya cherehani. Juu hakukuwa na cherehani. Kulikuwa na sukari na biskuti.

Nilimwambia Uwanja inafungwa, kwamba nimeona hodi zake. "Ah," akasema, "hiyo siku." Akaeleza huku anashona, kama anaeleza ya mtu mwingine. Ukuta wa gorofa ulikuwa umepasuka, watu wa kanjo wakaja asubuhi wakachora ile alama nyekundu ya X, wakasema jioni hakuna mtu ndani. Kila jirani alikuwa anashusha vitu vyake, anakimbia na watoto. "Ningemwomba nani? Kila mtu na godoro lake kichwani. Nikamwambia Zawadi, usijali, mimi niko na watu. Nikabisha. Nikafunga vyombo, nikabisha. Zawadi akaniambia, mama, andika tu shida yenyewe, andika wanakuja kubomoa. Nikamwambia nyamaza, hatuingii kwa watu hivyo." Akakata uzi na meno. "Saa kumi nikabisha ya mwisho. Halafu cherehani tukaibeba wenyewe. Mtoto juu, mimi chini. Kufika ngazi ya pili ikamponyoka. Si makosa yake, ilikuwa nzito."

Mguu sikuuangalia. Halafu nikauangalia. Vidole vilikuwa vimegeukia ndani, vimelala kimoja juu ya kingine.

Nilimweleza yote, haraka, maneno yakipandana. Mpangilio, mioyo, vile hodi zilikuwa zinazama, vile watu wote wa Mlangoni wangekuja kama wangeona, wangekuja na mkokoteni. Alisikiliza akiwa amesimamisha sindano hewani.

"Kwa hivyo zilikuwa zinaenda chini."

"Ndio, mama."

"Na mtu akishuka anaziona."

"Ndio."

"Hiyo siku zamu ya kushuka ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

"Ulikuwa wapi?"

"Eastleigh. Nilikuwa nakula."

Alifikiria. "Ilikuwa na nyama?"

"Ya mbuzi."

"Basi," akasema, "angalau." Na akacheka, kicheko kidogo cha puani, halafu hakikuendelea. Akashona kidogo. "Unajua mimi nilidhani nini? Nilidhani ni zile herufi kubwa. Nilimwambia Zawadi, tumewachosha na nduru. Siku ile ile akanionyesha kuzitoa, nikiwa nimelala hospitali. Sasa naandika ndogo."

Nilitoa simu. Sijui nilitaka nini. Nadhani nilitaka aone nikifanya kitu. Nikafungua Mlangoni, nikashuka kwa kidole mpaka kwa zile tatu, nikaanza kuandika chini yake.

"Unafanya nini?"

"Nataka kukujibu. Kabla wafute."

"Weka hiyo simu chini, Shiko." Hakupiga nduru. "Huko unajibu nani? Mimi niko hapa."

Nikaiweka kifudifudi, juu ya ile meza. Akanipa sindano na uzi nimtungie, macho yake hayaoni tundu vizuri. Nilijaribu nikakosa, nikajaribu tena nikakosa. Yeye alirudisha pini mdomoni, akavuta dera magotini, akangoja. Hakunisaidia na hakunikimbiza. Kinu nje kilizima, kukawa kimya ghafla, na mlangoni mtu akasema hodi.

Niliangalia Mama Zawadi. Pini zilikuwa mdomoni. Aliniangalia pia. Nyumba si yangu, nilifikiria, mimi ni nani wa kujibu hapa. Hodi ya pili ikaja. Akaendelea kuniangalia, nyusi juu.

"Karibu," nikasema, na ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka. Nikaweka sindano chini, nikainuka nikaenda kufungua. Alikuwa mama wa jirani, unga kwa mikono. Anataka kuazima mwiko.